Tumbo la kobe mchanga ni chungu cha moto mdogo

Shikamooni wazee wangu, vijana hamjambo. Nashukuru mmefika, wengine nimewaona mmetoka mpaka Pongwe na kimvua hiki, sitawaweka sana, ila hili la leo linaniuma kwasababu karibu kila mtu hapa Tanga ameshaona kitoto cha kobe kimeletwa nyumbani ndani ya kopo, kinapewa nyanya, kinapewa wali, watoto wanafurahi, baada ya wiki tatu hakipo, na watu wanasema aah kobe wadogo ndo walivyo hawakai. Wanakaa. Sisi ndo tunawaua kwa kuwalisha.

Naongelea kobe wa nchi kavu, sio kasa, kasa ni habari nyingine kabisa. Yule wa madoa ya njano na meusi mnayemkuta huko Handeni na Mkomazi, kitaalamu Stigmochelys pardalis. Na niseme mapema, kobe ni mnyamapori, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali ndo umfuge, kwahiyo ukimkuta porini muache palepale, na mtoto akija naye nyumbani mrudisheni alikotoka. Maneno yangu ni kwa wale wenye vibali na vitoto vimetotolewa bandani kwao.

Mimi nimejifunza kwa kuzika. Nilikuwa naangalia banda la bwana mmoja mwenye kibali, jike likataga, mayai yakakaa ardhini karibu mwaka mzima (kwa kobe hawa ni kawaida, hata zaidi ya mwaka), wakatoka saba, kila mmoja anakaa kwenye kiganja kama limau. Siku hiyohiyo nikawawekea mchicha na nyanya na papai lililoiva, nikaona nimewafanyia karamu. Ndani ya miezi miwili walikufa wanne. Wa mwisho nilimkuta asubuhi kajikunja pembeni, nyuma kumechafuka majimaji ya kijani, na ndani ya yale majimaji ngozi ya nyanya ipo vilevile kama ilivyoingia. Ile ngozi ya nyanya ndo ilinifungua macho, kwamba chakula kilikuwa kinapita tu, tumbo halijakigusa.

Sasa tumbo lenyewe likoje. Kobe huyu ni mla majani, na majani magumu hayameng'enywi kwa asidi peke yake, kazi kubwa inafanyika huku nyuma kwenye utumbo mpana, kuna bakteria wanaochachusha zile nyuzinyuzi polepole, chakula kinaweza kukaa humo siku nyingi, hata wiki na zaidi. Fikirieni chungu kimewekwa juu ya moto mdogo. Moto wenyewe ni jua, kwasababu damu ya kobe haijipashi moto, anategemea joto la nje. Akiwa na nyuzi joto 28 mpaka 32 chungu kinachemka vizuri, ikishuka chini ya 20 moto umezimika na chakula kinakaa mle kinaoza. Kwahiyo mwezi wa 7 upepo wa kusi ukivuma na usiku una ubaridi, usimlishe jioni, mlishe asubuhi jua likishampata, apate mchana mzima wa kupika alichokula.

Na matunda? Mnajua tembo la mnazi, asubuhi tamu, jioni limeshachacha linatoa povu. Ndo hivohivo sukari ya papai na embe ikishuka kule nyuma, bakteria wasiotakiwa wanafurahi, gesi inajaa, anaharisha, na kobe wa gramu 35 akiharisha siku mbili hana maji ya akiba ya kupoteza. Wali, ugali, mkate, maziwa, hivyo visikaribie kabisa, hata kama bibi alikuwa anampa na akaishi.

Kwanza kabisa akitoka kwenye yai msimlishe kwa nguvu. Chini ya tumbo ana kifuko cha kiini cha yai hakijaisha kuingia ndani, anakula hicho, siku tatu nne hata wiki anaweza asiguse jani na hana tatizo lolote. Msikivute, msikibonyeze, mlaze kwenye kitambaa safi chenye unyevu mpaka pajifunge penyewe.

Akianza kula ndo mpeni majani ya kwao. Ukoka huu unaoota uani, ukatwekatwe mdogomdogo kwasababu mdomo wake bado laini, hiyo ndo iwe sehemu kubwa ya chakula. Mchunga, ule mboga mchungu mama zangu mnaojua kuuchemsha mara mbili, yeye mpeni mbichi, anaupenda kweli. Maua na majani ya haibiskasi, kipande cha dungusi kilichotolewa miiba. Matembele mara mojamoja. Mlonge kidogo tu, una kalsiamu nzuri lakini protini nyingi. Mchicha na spinachi sikatazi moja kwa moja ila zina oksaleti, ile kitu inaishika kalsiamu isiingie mwilini, kwahiyo ukimpa mchicha kila siku mifupa inalainika na gamba linabonyea kama ganda la yai lililolowa. Kisamvu kibichi hapana, kina sumu ile ile inayofanya tukitwange na kukipika muda mrefu. Na shamba lililopigwa dawa msichume kitu.

Kalsiamu inatakiwa izidi fosforasi angalau mara mbili, sasa hapa sisi watu wa pwani Mungu ametupa bure. Nendeni ufukweni Raskazone maji yakiwa yametoka, mtaokota ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, yule wa baharini anayefanana na ngisi. Uoshe, uloweke maji baridi siku mbili tatu chumvi itoke, uanike, ukwangue unga wake juu ya majani, kidogo tu kama unavyonyunyiza chumvi kwenye embe bichi, halafu kipande kingine muachie autafune mwenyewe. Porini kobe hawa wanatafuna mifupa mikavu, hata kinyesi cha fisi kwasababu kimejaa mifupa. Chokaa ya kupakia ukuta sio mbadala, inaunguza. Na kalsiamu bila jua ni bure, mwili unahitaji vitamini D3 na inatengenezwa na miale ya jua la moja kwa moja, kupitia kioo cha dirisha miale ile haipiti. Ila muwekee kivuli ndani ya banda muda wote, kobe mdogo kwenye beseni juani anaiva ndani ya dakika chache. Na juu mfunike kwa waya, kunguru wa hapa mjini mnawajua, hawamwachi.

Halafu maji, na hapa naomba mnisikilize kuliko kote. Wengi wanasema kobe ni wa nchi kavu hataki maji. Kitoto kinakauka haraka sana, na kikikauka choo kinafunga. Kila siku asubuhi miezi ile ya mwanzo chukua sahani ya kina kifupi, maji ya uvuguvugu kama ya kumuogeshea mtoto mchanga, yafike chini ya kidevu tu, muache dakika 15 mpaka 20, ukae naye. Atakunywa ameinamisha kichwa shingo inacheza, na mara nyingi atajisaidia humohumo. Uangalie. Kinyesi kizuri kina umbo, cha kijani kizito au kahawia, ukikipasua unaona nyuzi za majani. Na kuna kitu cheupe kinatoka na mkojo, kikiwa laini kama dawa ya meno sawa, ukikisugua na kidole kikakwaruza kama mchanga, huyo maji hayamtoshi, na ukiendelea hivo vinageuka mawe kwenye kibofu. Wale watatu waliobaki niliwaokoa kwa sahani hii, kabla hata sijabadilisha chakula.

Mchanga wa baharini msiwatandikie, wanaumeza na majani unaziba utumbo. Tandika udongo na majani makavu yenye unyevu kidogo, chakula weka juu ya kipande cha kigae.

Nimalizie na dawa. Ukiona minyoo kwenye choo usikimbilie ivermektini ya mbuzi, kwa kobe ile inaua, inampooza, tena haraka. Minyoo midogomidogo kiasi wanaishi nayo. Mpeleke kinyesi kibichi kwa daktari wa mifugo akipime kwanza, na umwambie wazi kwamba ni kobe.

Naam kijana, swali lako? ... Anasema wa kwao kwenye banda la baba yake hajapata choo siku ya sita. Sawa. Kwanza anakula? Anakula kidogo. Siku sita peke yake hazinitishi. Je alikuwa kwenye baridi? Umesema ndani ya nyumba kwenye sakafu ya saruji, basi tuanzie hapo, mpashe joto kwanza, usimuongezee chakula chochote, muweke kwenye maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni nusu saa, akitoka humo muache atembee. Ukimuona anajikamua na hakitoki kitu, au miguu ya nyuma inaburuta, usingoje, ni daktari siku hiyohiyo. Na kama mpaka kesho bado, njoo naye na mzee saa mbili asubuhi kabla jua halijakali, mzani mdogo ninao, tutampima na nitamtazama.