Samaki Aliyepewa Jina la Mwalimu Haoni Tena Mwenzake

Mwangaluka! Shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo.

Mlionisikia mwaka jana mtaniuliza mbona narudi na furu walewale, hawa samaki wadogo wa Ziwa letu la Victoria. Narudi nao kwa sababu mwaka jana mlinipigia makofi, na mwezi haukuisha mafunjo ya upande wa chini ya mwalo, hapa tunapoegesha mitumbwi, yakafyekwa watu wapande mchicha. Basi leo tunaanza upya.

Habari ya sangara siirudii. Aliletwa miaka ya 1950, na kufika miaka ya 1980 alikuwa anawafagia furu. Hilo kila mvuvi hapa analijua. Mimi nataka mniangalizie waliosalia, hasa wale wa kwenye mawe, mbipi. Sangara ni samaki wa kukimbiza, anataka maji ya wazi, mianya ya mawe humshinda. Na miamba hii ya Mwanza haiishii pale maji yanapoanza. Inashuka, inarundikana chini, na kila rundo ni kijiji chenye wenyewe. Mbipi hasafiri. Maji ya kina kati ya kisiwa na kisiwa kwake ni ukuta. Dume ana mwanya wake, anaulinda usiku na mchana. Jike akishataga huyachukua mayai mdomoni, na humo ndimo yanamoanguliwa. Mnaona? Kuzaliwa kwake, kula kwake, kujificha kwake, vyote viko katika mawe yaleyale.

Sasa wako wawili nawapenda kuliko wote. Mmoja wataalamu wamemwita pundamilia, kwa Kiswahili chetu hiki, kwa ajili ya mistari yake. Nduguye amepewa jina la Mwalimu: Pundamilia nyererei. Maelezo yake ya kitaalamu yalichapishwa mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka. Majike ya hawa wawili ukiyaweka kiganjani utababaika, yote yamefifia rangi. Tofauti iko kwa madume. Pundamilia ni wa bluu. Wa Mwalimu ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Wa bluu hukaa juu juu, mwekundu hukaa chini zaidi.

Kwa nini wapangane hivyo? Mwanga! Katika ziwa letu mwanga wa bluu hufia karibu na juu, mwekundu ndio unaoshuka. Macho ya samaki yamefuata hali hiyo: anayeishi chini huona wekundu vizuri, wa juu huona bluu. Kwa hiyo jike anapochagua mume, anachagua ile rangi ambayo macho yake yanaipata. Hakuna kitu kingine kikubwa kinachowazuia kuchanganyika. Ni macho ya jike tu na maji yanayopitisha nuru.

Nendeni Kisiwa cha Makobe, Ghuba ya Speke, ambako maji ni maangavu zaidi: bluu ni bluu, mwekundu ni mwekundu. Rudini ndani ya Ghuba yetu ya Mwanza, kwenye maji ya tope. Kuna sehemu utakuta madume ambayo si mekundu wala si ya bluu, yako katikati. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walieleza walivyoyapima haya kwenye matangi. Chini ya taa nyeupe, jike alimfuata wa kwao. Wakabadilisha taa, rangi zikawa hazitofautiki, jike akamkubali yeyote. Tope linafanya hivyohivyo ziwani, bila matangi.

Nasikia mtu nyuma kule: wakichanganyika kuna ubaya gani, mbona Wasukuma na Wakerewe tunaoana? Ndugu yangu, sisi tukioana kazi hazipotei. Wa Mwalimu anakula vijidudu vinavyoelea majini. Pundamilia anaokota viluwiluwi vya wadudu kwenye mawe. Ni kazi mbili, za samaki wawili. Watoto wao wa mchanganyiko hawafi, wala si tasa, ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Hutaona mizoga ikielea. Unakuwa umepoteza samaki wawili, na ziwani bado kuna samaki.

Na mwingine atasema furu hanunuliki, siku hizi ni chambo tu. Wazee, wakumbusheni vijana! Karibu na mwaka 1970, katika samaki waliovuliwa kwa nyavu za utafiti, kama asilimia 80 ya uzito wote ilikuwa furu. Ndio walioanikwa kila kijiji. Ziwa hili lilikuwa na aina zao zaidi ya 500.

Muda umeniishia, nilitaka kusema pia juu ya kamongo na mafunjo, na makokoro, zile nyavu za kukokota. Kwa kifupi: mafunjo huzuia udongo wa milimani usiingie ziwani, na ndani yake mna hewa kidogo ambayo sangara haivumilii, kwa hiyo furu hujificha humo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mita sitini! Pimeni kutoka kwenye mchicha ule. Kokoro tutalizungumza siku nyingine, lina mambo mengi.

Atakayetaka, kesho saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka, nitakuwa na mtumbwi pale mwaloni. Nitakuja na sahani nyeupe ya kupimia uangavu wa maji, niliyoifunga kamba yenye mafundo, kila fundo nusu mita. Tutaishusha karibu na mdomo wa Mto Mirongo, tutaishusha tena mbele ya Kisiwa cha Saanane, na mtoto mdogo kuliko wote ndiye atakayehesabu mafundo mpaka sahani ipotee machoni.