Hewa ya Ndani ya Gari na Mikono ya Fundi

Ndugu mafundi, ndugu wauzaji wa magari, nanyi madereva mliofika, nawasalimu. Najua wengi wenu mmeacha kazi inasubiri, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye mada.

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza Machi 11, 2020 kwamba UVIKO-19 imekuwa janga la dunia, yaliandikwa maelekezo mengi kuhusu usalama wakati wa kujaribu gari barabarani au kulipeleka gereji. Niliyasoma mengi. Karibu yote yalimtazama mteja: afute usukani, anawe mikono, akae mbali na watu. Ni mambo mazuri. Lakini mteja huingia kwenye gari moja, mawili, kisha anakwenda zake. Anayeingia katika kila gari linalopita mlangoni, la mzima na la mgonjwa, ni fundi. Muuzaji naye ni hivyo hivyo. Hawa ndio wanaokusanya hatari ya wateja wote, na ndio waliosahauliwa. Leo nasema nao kwanza.

Tuanze na hewa, na hapo nitakaa kidogo kwa sababu ndiko kwenye hatari kubwa.

Ndani ya gari dogo mna hewa kama mita za ujazo tatu tu. Weka watu wawili humo, funga vioo vyote, na kwa dakika chache kila mmoja atakuwa anavuta hewa iliyokwisha kupita kwenye mapafu ya mwenzake. Mtu akikohoa, akizungumza, hata akipumua kimya kimya, hutoa chembechembe za maji. Zile kubwa huanguka. Zile ndogo kabisa huelea, na ndizo zinazobeba kifua kikuu, surua, mafua na UVIKO-19. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Sasa fikirini: mteja amekuja na mtoto mwenye surua, wameshuka, wamefunga milango, ameacha funguo mezani. Baada ya dakika kumi fundi anaingia kulisogeza gari. Hakumwona yule mtoto wala hakumgusa. Kama hajachanjwa na hajawahi kuugua surua, anaweza kuipata kwa hewa aliyoikuta mle ndani.

Kwa hiyo tendo la kwanza la kupokea gari, kabla ya kitambaa na kabla ya dawa yoyote, ni kufungua milango yote na kuiacha wazi. Wakati unaandika kadi ya kazi, gari linapumua. Halina gharama hilo, na halimcheleweshi mtu.

Kuna kitufe kwenye dashibodi chenye picha ya gari na mshale unaojipinda ndani yake. Kikiwashwa, feni huacha kuvuta hewa ya nje na kuanza kuizungusha ileile ya ndani. Madereva wanakipenda kwa sababu gari hupoa upesi na vumbi haliingii. Ukiwa peke yako kwenye gari lako, sina neno. Mkiwa wawili msiokaa nyumba moja, kizimwe. Naulizwa mara nyingi kama kiyoyozi kinaua vijidudu. Hakiui. Kinapoza hewa tu, na filta ya kawaida iliyo nyuma ya dashibodi imetengenezwa kuzuia vumbi na chavua.

Sasa habari ya vioo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichunguza kwa kompyuta jinsi hewa inavyopita ndani ya gari linalokwenda kasi ya kilomita 80 hivi kwa saa, dereva akiwa mbele na abiria nyuma upande wa pili. Kufungua vioo vyote vinne ndiko kulikosafisha hewa vizuri zaidi, na hilo halishangazi. Linaloshangaza ni lile la vioo viwili. Kila mtu hudhani afungue cha ubavuni mwake. Walikuta kwamba ni heri kufungua vile vilivyo mkabala: kioo cha mbele kilicho mbali na dereva, na cha nyuma kilicho mbali na abiria. Hewa huingia kwa nyuma, ikavuka, ikatokea mbele, na mkondo wake ukawatenganisha wale wawili. Kama mvua au baridi inawazuia kushusha vyote, basi shusheni hivyo viwili, hata kwa upana wa vidole vitatu, na mruhusu feni ivute hewa ya nje.

Wauzaji, hapa nina ombi. Je, ni lazima muwemo ndani ya gari mteja anapolijaribu? Katika magari mengi maelezo yote yanaweza kutolewa gari likiwa limesimama, milango wazi, wewe ukiwa nje na yeye kwenye usukani. Mwonyeshe taa, gia, kamera ya nyuma, halafu chukua nakala ya leseni yake na mpe njia ya kupita. Pale ambapo taratibu zenu au bima zinawataka muwemo, kaa kiti cha nyuma upande usio wa dereva, vaeni barakoa wote wawili, na safari iwe fupi. Mazungumzo ya bei yafanyikie nje. Anayezungumza kwa nguvu hutoa chembechembe nyingi kuliko aliyenyamaza, na sote tunajua sauti zinavyopanda kwenye bei.

Fundi naye, anapotaka kusikia ule mlio ambao mteja anausema, huingia naye garini wakaenda kuzunguka, vioo vimefungwa ili wasikie. Naelewa sababu. Mwambie akueleze mlio unatokea wapi, kasi gani, akikata kona au akikanyaga breki, kisha toka na gari peke yako. Ikishindikana kabisa, fungeni vioo kwa ile dakika ya kusikiliza, halafu mvifungue.

Kuhusu nyuso za vitu nitapita haraka, maana limesemwa sana, na pengine kupita kiasi. Taasisi ya udhibiti wa magonjwa ya Marekani ilieleza mwaka 2021 kwamba kila mguso wa kitu chenye virusi vya UVIKO-19 una uwezekano mdogo kuliko 1 kwa 10,000 wa kuambukiza. Kwa hiyo futa usukani, gia, breki ya mkono, vishikio vya milango, mkanda na funguo, basi. Ondoa uchafu kwanza, halafu tumia spiriti ya asilimia 70. Ilowanishe kwenye kitambaa, usiipulizie kwenye swichi. Usiipulizie pia ndani ya gari lililofungwa au karibu na injini ya moto, kwa sababu mvuke wake unashika moto. Dawa ya klorini iwe mbali na ngozi ya viti na vyuma, na kamwe usiichanganye na amonia wala tindikali. Gesi inayotoka inaunguza mapafu. Kinachobaki ni mikono kwa sabuni na maji kila unapotoka gari moja kwenda jingine. Mwenye mikono safi ambaye hajishiki usoni amemaliza sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, ndugu. Anasema mikono ya fundi haitoki grisi kwa sabuni, wao hunawa kwa petroli. Nakushukuru kwa kulisema wazi. Petroli huvua mafuta ya asili ya ngozi, ngozi ikakauka na kupasuka, na kila mpasuko ni mlango wa vijidudu. Mikono inayonawa petroli kila jioni haiponi. Paka mafuta mazito kabla ya kazi au vaa glavu za nitrili, na uchafu mkaidi uutoe kwa sabuni ya mafundi au mafuta ya kula kisha sabuni. Wenye gereji, hiyo sabuni inunuliwe na gereji, pamoja na spana na oili.

Ukikatwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni. Halafu jiulize lini ulichanjwa pepopunda. Watu husema kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Mbegu zake zinakaa kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama, na msumari uliolala chini huzibeba hata usipokuwa na kutu. Chanjo huimarishwa kila baada ya miaka 10. Kidonda kikiwa kirefu au kichafu, na miaka 5 imepita tangu chanjo ya mwisho, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa maji, na hili wengi hawalijui kabisa. Lile tangi dogo la maji ya waipa chini ya boneti lina bakteria anayeitwa legionela, au linaweza kuwa naye. Anapenda maji yaliyotuama yenye uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, na chini ya boneti ndiyo hali yenyewe. Hudhuru akivutwa pamoja na ukungu wa maji, na huleta homa kali ya mapafu iliyogunduliwa baada ya mkutano wa maveterani wa jeshi hotelini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Utafiti wa England na Wales uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba watu waliotia maji matupu kwenye tangi la waipa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kuliko waliotia dawa ya kusafishia kioo. Dawa hizo nyingi zina alkoholi inayomzuia bakteria.

Kwa hiyo fundi unapohudumia gari, usijaze maji ya bomba ukadhani umemaliza. Tia dawa ya kioo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Sabuni ya vyombo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Tangi lenye utelezi au harufu limwagwe lisafishwe kwanza. Unapozibua pua zake usiinamishe uso juu yake huku mwenzako anabonyeza. Na chupa ya dawa hiyo isihamishiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa hata mara moja, kwa sababu baadhi zina methanoli, na methanoli hupofusha na kuua.

Jingine liko palepale chini ya boneti, na mafundi wa magari yaliyoegeshwa muda mrefu wanalijua: panya. Hujenga kiota karibu na njia ya hewa au kwenye ile filta ya hewa iliyo nyuma ya dashibodi. Kinyesi na mkojo wao vinaweza kubeba virusi vya hanta, vinavyoshambulia mapafu au figo, na bakteria wa homa ya mgunda. Kosa kubwa ni kuchukua bomba la kompresa na kupuliza. Ukipuliza, unaigeuza takataka kuwa vumbi na kuivuta. Fungua milango gari lipate hewa kwa nusu saa, vaa glavu na barakoa inayobana uso, lowesha kiota kwa dawa ya klorini iliyochanganywa sehemu moja kwa tisa za maji, subiri dakika 5, kisha okota kwa karatasi utie mfukoni na kuufunga. Filta ya zamani itoe polepole bila kuikung'uta. Na usiwashe feni kabla hujamaliza, maana feni ndiyo itakayopeleka kila kitu kwenye uso wa dereva.

Gari la ajali nalo lina mambo yake. Damu iliyokauka kwenye kiti inaonekana haina madhara, kumbe virusi vya homa ya ini aina ya B hubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Glavu, kwanza ya mpira kisha ngumu juu yake, kwa sababu kuna vioo. Kamwe usiingize mkono usikoona, katikati ya viti au chini yake, iwe gari la ajali au la kuuzwa. Tumia tochi na koleo. Sindano hukutwa huko. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji, usikamue wala usinyonye, na uende hospitali mara moja, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nafasi yako. Chanjo ya homa ya ini B ipo, ni dozi tatu. Fundi wa bodi anayepokea magari ya ajali aipate kabla, asisubiri achomwe.

Na yale matairi ya zamani nyuma ya gereji? Hayo hukusanya mvua, na mbu wa dengi hutaga humo. Mayai yake huvumilia ukavu kwa miezi. Mbu chui milia wa Asia, ambaye naye hueneza dengi, alionekana Houston, Marekani, mwaka 1985, na njia yake ilikuwa biashara ya matairi yaliyotumika. Yafunikeni, yatoboeni au yaondoeni.

Swali la mwisho, mama pale mbele. Anauliza, mwanawe ni fundi, anakohoa wiki ya tatu sasa na anaendelea na kazi kwa sababu asipofanya kazi halipwi. Mama, kikohozi kilichovuka wiki mbili kinatakiwa kupimwa kifua kikuu, kwa makohozi, na kikigundulika dawa zake zinaponya. Akianza dawa zinazofaa, uwezo wake wa kuambukiza hupungua kwa haraka. Mpeleke kesho asubuhi. Na wewe mwajiri wake, kama uko humu ukumbini, mlipe siku hiyo.