Kodi ya tajiri mkubwa kazi yake ni nini?

Asanteni sana, na nyinyi mliosimama kule nyuma sogeeni bado viti vipo. Swali la leo ni kama kodi za matajiri wakubwa zilenge kupunguza pengo kati ya walionacho na wasionacho. Jibu langu ni ndiyo, ila sababu yangu si ile tunayoisikia kila siku, eti serikali inahitaji hela. Hela inahitaji, sawa, lakini ukiishia hapo mwisho wake mnyonge ndiye anayelipa, na ndio hicho nataka tukiangalie.

KRA, yaani mamlaka ya kodi ya hapa Kenya, kila mwaka inapewa lengo la makusanyo. Sasa mtu anayekimbizana na lengo hawezi kuhangaika miaka na bwana mwenye jopo la mawakili, anakwenda pale pesa inapopatikana haraka, kwenye slipu ya mshahara maana ile inakatwa kabla mwenyewe hajaiona, kwenye petroli, kwenye M-Pesa. 2023 VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya petroli ikatoka asilimia 8 ikawa 16, ushuru wa ada za kutuma pesa ukatoka 12 ukawa 15. 2024 ukaja muswada unaotaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia, na Juni ile iliishaje mnajua wenyewe, vijana wetu walipigwa risasi barabarani ndipo rais akakataa kuusaini.

Chukua risiti ya dukani uisome vizuri. Sabuni ya shilingi 116, hapo 16 ni VAT. Mama anayeuza mchicha pale soko la Kongowea analipa 16, na mwenye maghorofa kule mtaa wa matajiri wa Nyali naye akinunua sabuni ileile analipa 16. Kwa yule mama hiyo ni sehemu ya faida ya siku nzima, kwa mwenzake hata haionekani.

Haya, njooni kwenye mali. Kodi ya faida ya kuuza ardhi na majumba hapa Kenya ilisimamishwa 1985 na haikurudi mpaka Januari 2015. Miaka 30! Na ndio miaka hiyohiyo viwanja vya Nairobi na vya hapa ufukweni vilipanda bei mpaka mtu wa kawaida akakata tamaa. Iliporudi ilirudi na asilimia 5, ikawa 15 mwaka 2023. Tuseme mtu alinunua kiwanja milioni 5, akakaa nacho hajajenga hata choo, akakiuza milioni 50. Faida milioni 45, kodi milioni 6.75 basi kamaliza. Mwalimu kipato chake kikishapita kama elfu 32 kwa mwezi, kila shilingi inayozidi hapo inakatwa asilimia 30. Yule aliyesubiri tu anakatwa nusu ya kiwango cha anayesimama darasani kutwa, na mimi sijapata mtu wa kunieleza haki ya jambo hili ni ipi. Hisa za soko la Nairobi ukiuza kwa faida, kodi hiyo hulipi kabisa. Na urithi je? Kodi ya mirathi ilifutwa 1982, kwa hiyo mtoto anaweza kurithi nusu ya mtaa asilipe kodi ya urithi hata ndururu. Halafu reti za ardhi, ile kodi ya kila mwaka anayolipa mwenye kiwanja, kaunti ya Nairobi kwa miaka kama arobaini ilikuwa inazipiga kwa thamani ya ardhi ya mwaka 1980.

Kuna watakaosema mbona 2023 matajiri waliongezewa, wanaopata zaidi ya laki 8 kwa mwezi wanakatwa asilimia 35. Ile ni PAYE jamani, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Imewashika mameneja na madaktari bingwa, ila tajiri mkubwa kabisa haishi kwa mshahara, utajiri wake uko kwenye ardhi na hisa ambazo zinapanda thamani yeye akiwa amelala.

Ndio maana nasema lengo liwe pengo lenyewe. Kodi ya sigara hatuipimi kwa makusanyo tu, watu wakipunguza kuvuta tunasema imefanya kazi. Marekani mwaka 1942, vita imepamba moto, rais wao Roosevelt alipendekeza mtu asibaki na zaidi ya dola 25,000 kwa mwaka baada ya kodi. Bunge lao halikumkubalia, lakini kufika 1944 kiwango cha juu kilikuwa asilimia 94, na miaka mingi ya hamsini kikakaa kwenye 91 hivi. Waliokuwa wanafikia kiwango hicho walikuwa wachache mno, lakini kujilimbikizia kipato kupita kiasi kulikuwa hakuna maana tena. Na kwa nini tujali mtu akijilimbikizia? Kwa sababu pesa ikishazidi hivyo hainunui chakula tena, inanunua wabunge, na wabunge ndio wanaopitisha sheria za kodi, kwa hiyo pengo linajizalia sheria za kulilinda.

Kijana hapa mbele ameniuliza, si watahama na pesa zao? Wengine watahamisha, ndiyo, na ndio maana nchi za G20, lile kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, kule Brazil 2024 zilizungumzia kushirikiana, na mchumi Mfaransa Gabriel Zucman akatoa hesabu ya mabilionea wote duniani kulipa angalau asilimia 2 ya mali yao kila mwaka. Lakini shamba la Kilifi halipandi ndege. Hapa Pwani tuna familia zimekaa kwenye ardhi vizazi na vizazi na bado zinaitwa maskwota, na mwenye hati yuko mbali wala hana haraka maana kuishikilia ile ardhi hakumgharimu kitu cha maana. Akitozwa kwa thamani ya leo, kila mwaka, ama ataitumia ama ataiuza, na bei itashuka watu wanunue. Mimi ningeanzia hapo, halafu kodi ya mirathi irudi kwa mali kubwa tu, nyumba ya baba na shamba la ekari mbili visiguswe.

Na lile wanalosema watu, kwamba hela za kodi zitaibiwa serikalini, uchungu huo ninao na mimi. Lakini wizi huo haujawahi kuwazuia kutukata kwenye sabuni, sasa iweje uwe sababu ya kumwacha mwenye ekari elfu 10?