Huyu Naye Ana Haraka ya Kwenda Wapi?

Hamjambo ndugu zangu, na wakubwa wote mnaonitazama, shikamooni. Leo msitarajie mandhari. Nimetoka zamu sasa hivi, sare bado iko mwilini, na nikisema nioge kwanza nitalala, kwa hiyo tuongee hivi hivi.

Mnajua kazi yangu huku ni kuwahudumia wazee. Sasa juzi tumeletewa mashine ya majaribio: spika ndogo ya kuweka mezani, unaisemesha, inakujibu, inakumbusha dawa, inapiga simu ukianguka. Msaidizi wa sauti, kwa kifupi. Walioitengeneza walikuja wenyewe na kompyuta zao, wakatuomba sisi wahudumu tukae nao tuwaambie kasoro. Jina la kampuni nitalimeza.

Mzee wa kwanza kujaribu ana miaka 80 na kitu, na alishapata kiharusi. Mashine ikamuuliza amelalaje. Akaanza, "Nime..." akatulia kidogo, analitafuta neno. Mashine ikadakia: "Samahani, sijakuelewa." Akaanza upya. Ikadakia tena. Mara ya tatu akanigeukia akaniuliza, "Huyu naye ana haraka ya kwenda wapi?"

Chumba kizima kilicheka, lakini mzee alikuwa amegusa penyewe. Nikamuuliza mmoja wa mafundi, akanieleza: mashine inajua umemaliza kusema kwa kupima ukimya. Ukinyamaza kupita kiasi fulani, na mara nyingi hata sekunde nzima haifiki, inafunga sikio na kuanza kujibu. Kwa kijana anayeuliza saa ni sawa. Mzee hunyamaza katikati ya sentensi. Anavuta pumzi, anatafuta jina la mtu, anameza mate. Tena mashine nyingi za namna hii zimefunzwa kwa sauti za watu wasiozeeka bado, kwa hiyo sauti ikitetemeka kidogo tu zinababaika. Kurefusha ule muda wa kusubiri si kazi ngumu, kumbe ni namba tu mahali fulani ndani ya programu. Hakuna aliyekuwa ameigusa, kwa sababu waliokuwa wakijaribu mashine ofisini wote ni vijana.

Na masikio je? Uzee huanza kuondoa zile sauti nyembamba za juu. S, f, sh zinafifia. Kwa Kiswahili chetu, "fika" na "shika" zinakuwa neno moja. Mzee anasikia kabisa kuwa anaongeleshwa, ila maneno hayapati. Ukipaza sauti unamfokea tu. Shusha sauti iwe nzito, nenda polepole, sema jambo moja kwa wakati mmoja.

Halafu kuna hili ambalo linaniuma mimi binafsi. Mtu mwenye dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayofuta kumbukumbu, aliyejifunza lugha ya pili ukubwani anaweza kuipoteza na kurudi kwenye lugha ya utotoni. Kati ya wazee ninaowahudumia yuko mama mmoja wa hivyo. Ameishi hapa miaka na miaka, leo anaijibu mashine kwa lugha ya kwao, na mashine inamwona kama hajasema kitu. Nikawaza, nikizeekea huku, siku nitakayoomba maji kwa Kiswahili nani atanielewa?

Tuje kwenye dawa, maana hapa ndipo nilipogombana nao kidogo. Mashine inakumbusha: saa mbili, meza dawa. Mzee anajibu, "Nimeshameza." Mashine inaandika: amemeza. Mhudumu wa zamu inayofuata anasoma, anaamini. Lakini je, kweli? Na mashine ikiamua kutoamini, ikamkumbusha tena, akameza mara ya pili? Dawa ya sukari au ya presha si kitu cha kurudia. Nikawaambia waandike "amesema amemeza." Neno moja tu hilo, na linamfanya mhudumu ainuke akahakikishe. Mmoja akapendekeza kisanduku cha dawa chenye kihisi kinachojua kimefunguliwa. Vizuri, lakini kinajua kifuniko kimefunguka, hakijui kama koo limemeza.

Mchana ukaja mtihani wenyewe. Yule mama niliyewatajia aliwekewa mtu wa kumtafsiria, akaiuliza mashine mume wake anarudi saa ngapi. Mume alifariki zamani, na habari za familia zilikuwa zimeingizwa humo ndani. Kabla mashine haijajibu, nilichomoa waya ukutani. Ndiyo, niliuchomoa! Walinitazama kama nimemwaga chai juu ya kompyuta.

Wakabishana karibu saa nzima. Huyu anasema mashine isidanganye kamwe, yule anasema ukweli huo ni ukatili. Sisi tunajua kwamba mtu wa dimenshia ukimwambia leo kuwa mumewe amekufa, anafiwa leo. Kesho akiuliza, anafiwa tena. Lakini hatumwambii "anakuja" pia. Tunamuuliza, "Umemkumbuka, eh? Alikuwa mtu wa namna gani?" Anasimulia, anatulia. Mashine iulize hivyo hivyo, kisha imwite mtu. Hiyo sehemu ya kumwita mtu niliwarudia mara tatu.

Na tusiwacheke wazee wanaoaga spika usiku mwema. Mwaka 1966 mtaalamu wa kompyuta Joseph Weizenbaum wa chuo kikuu cha MIT, kule Marekani, alitangaza programu yake ELIZA, iliyokuwa ikiyageuza maneno yako kuwa maswali na kukurudishia. Haikuelewa chochote. Weizenbaum mwenyewe alieleza kwamba katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alianza kuongea nayo kisha akamwomba bosi atoke chumbani. Huyo alikuwa mtu mwenye akili timamu, yuko kazini.

Mwishoni yule mzee wa kwanza akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemjibu: "Ninayosema humu, nani anasikia?" Kimya. Ukweli ni kwamba spika za namna hii husubiri ziitwe jina, na zikishaitwa, mara nyingi sauti yako hupelekwa kwenye kompyuta za mbali kuchakatwa. Hapo kuna ripoti pia, inayokwenda kwenye simu za watoto wa mzee. Mzee akasema nikianguka waambieni, nikilia msiwaambie. Fundi akaandika. Nadhani hilo ndilo lililokuwa la maana kuliko yote waliyoandika siku ile.

Mimi niliingia siku hiyo nikiwa na mpango wangu kichwani: mashine ikiwa nzuri, nimnunulie mama yangu. Nijue ameamka saa ngapi, amekula, ametoka. Sikuwa nimewaza kumuuliza anataka nijue nini.

Mama, najua unanitazama. Juzi kwenye simu ulianza kunieleza jambo la jirani, ukatulia kidogo, nami nikadakia, "Haya mama, niko kazini." Kesho natoka mapema. Nitapiga, anzia pale pale kwa jirani.