Mgonjwa wa Akili Akizidiwa Hapa Denver, Nani Hufika Mlangoni?

Wazazi wangu, kaka na dada zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, hamjambo? Leo nazungumzia jambo ambalo familia zetu huku Marekani huliogopa sana: kuita msaada pale ndugu mwenye maradhi ya akili anapozidiwa. Wengi hawapigi 911, namba ya dharura ya huku, kwa kuhofia kwamba askari mwenye bastola atamwona mgonjwa kama mhalifu. Hofu hiyo ina msingi, kwani mwaka 1987 polisi wa jiji la Memphis walimuua kwa risasi kijana mgonjwa aliyeshika kisu, na kifo hicho ndicho kilichosababisha mafunzo ya saa 40 ya kushughulikia wagonjwa wa akili kwa askari wa huko kuanzishwa mwaka 1988.

Denver imekwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2016, mtaalamu wa afya ya akili hupanda gari moja na askari. Askari hulinda usalama, naye mtaalamu huzungumza na mgonjwa taratibu kuhusu dawa, usingizi na jamaa zake. Juni 2020 ukaongezwa mpango wa STAR, ambao kwa simu zisizo na dalili za vurugu humtuma mtaalamu pamoja na mhudumu wa dharura, bila askari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima miezi sita ya mwanzo wakakuta ripoti za makosa madogo zimepungua kwa asilimia 34 katika maeneo yaliyohudumiwa.

Ila mimi naamini uamuzi mzito hufanyika kwenye simu, kabla gari lolote halijaondoka. Mpokeaji simu akisikia tu kwamba kuna mtu anafanya fujo, atatuma askari. Akielezwa kwamba huyo ni mgonjwa, ameacha dawa, hana silaha na anaelewa Kiswahili kuliko Kiingereza, ana sababu ya kutuma timu yenye mtaalamu wa afya ya akili. Silaha ikiwapo, isifichwe, maana hapo askari anahitajika kweli, na ndiyo sababu siungi mkono hoja ya kuwaondoa polisi kabisa. Pasipo hatari ya papo hapo, ipo namba 988 ya msaada wa afya ya akili, iliyoanza Julai 2022 na inayopokelewa usiku na mchana.

Kwa hiyo, mama, mwanao akikupigia usiku wa manane akilia kwamba mdogo wake amebadilika, tafadhali usimwambie amfungie chumbani mpaka kuche. Muulize kama kuna silaha nyumbani, kisha mhimize apige simu na aanze kwa kusema kwamba nduguye ni mgonjwa. Dua na maombi yaendelee timu ikiwa njiani.