Pistoni iliyokamata, tundu la tangi, na dumu la ami yangu

Assalaam alaykum jamaa zangu, habari za huko? Leo nipo gereji, kwa hiyo waliokuja kutazama bei za madukani hapa Chemnitz, Ujerumani, wanisamehe, ile wiki ijayo inshallah. Nje baridi imeshuka chini ya sifuri, nimevaa makoti mawili, na mikono inanuka petroli tangu asubuhi.

Hii niliyoishika ni pistoni. Ngoja niisogeze kwenye kamera. Mnaiona mistari hii, upande wa ekzosi? Kama mtu kaiparura kwa msumari. Imekamata hii, yaani imeiva ikang'ang'ania ndani ya silinda, na aliyeiua ni mimi. Ilikuwa Septemba, kwenye mbio za wikiendi, kwenye ule mnyooko mrefu, resi yote wazi. Tairi la nyuma likagoma ghafla, nikabana klachi, Mungu akaninusuru. Wazee wa tustroki huku, yaani hizi injini za kuchanganya oili na petroli, wakiwa mbioni hawaondoi vidole viwili kwenye klachi. Nilikuwa nawacheka.

Pikipiki yenyewe ni Simson S51. Kiwanda chake kilikuwa Suhl, Ujerumani Mashariki, nchi ile ile iliyotujengea maghorofa ya Michenzani. Ikitoka kiwandani ni cc 50 na nguvu za farasi 3.7, basi. Vijana wa huku wanaipenda kupita kiasi, kwa sababu mopedi za kawaida mwisho wake kilomita 45 kwa saa, lakini Simson za zamani sheria inaziruhusu 60. Yangu ni ya mbio tu, haigusi barabara. Ina silinda ya cc 70, kabureta kubwa, na ekzosi hii yenye tumbo.

Sasa hili tumbo. Watu huko nyumbani wanadhani ni la kelele. Moshi ukitoka kwenye silinda unatoka kwa kishindo, na kishindo kile kinasafiri ndani ya bomba kama wimbi. Kikifika pale bomba linapotanuka, kinarudisha mvuto, na mvuto huo unanyonya uchafu wote na kuita mchanganyiko mpya wa hewa na petroli uingie. Mwingine mpya unapitiliza mpaka ndani ya ekzosi. Hapo ndipo kazi ya hii sehemu inayosinyaa: wimbi linagonga, linarudi, linausukuma ule uliotoroka urudi ndani kabla pistoni haijafunga mlango. Yote hayo mara mia na zaidi kwa sekunde moja.

Aliyelifanyia kazi jambo hili mpaka likakaa sawa ni Walter Kaaden, mhandisi wa MZ, kiwanda cha pikipiki cha Zschopau, hapo jirani tu na mimi. Mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa kila lita ya ujazo, bila turbo, ile pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini. Na mwaka huo huo mpanda pikipiki wake, Ernst Degner, akatorokea Magharibi wakati wa mbio za Sweden, akaenda Suzuki na elimu yote kichwani. Mwaka 1962 Suzuki wakachukua ubingwa wa dunia wa cc 50, na aliyekaa juu ya pikipiki ni nani? Degner. Pale Suzuka, Japani, kuna kona ina jina lake mpaka leo.

Haya, turudi kwenye msiba wangu. Ekzosi hii ikishika wimbi injini inavuta hewa nyingi kuliko zamani, na hewa nyingi inataka petroli nyingi. Petroli isipofuata, injini ina kiu, na injini yenye kiu haipungui nguvu mara moja. La! Inakwenda vizuri ajabu, inaimba, wewe unafurahi, kumbe pistoni inaiva. Kwenye tustroki ile petroli ndiyo inayobeba oili, na ndiyo inayoipoza pistoni.

Mimi nililijua hilo. Nilitoa jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, namba 95, nikatia 102, yaani tundu la milimita 1.02. Plagi ikatoka rangi nzuri, kama chai iliyokolea. Raundi za kwanza safi. Halafu ikakamata.

Mzee mwenye gereji hii hakuigusa hata kabureta. Alifungua mfuniko wa tangi tu. Fsss! Akanitazama.

Mfuniko una katundu ka kupumulia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeupiga rangi nyekundu, nikakaziba. Petroli ikitoka hewa haiingii, tangi linajinyonga, na kwenye mnyooko mrefu bakuli la kabureta linakauka kidogo kidogo. Kwenye kona ndogo usingejua.

Tangu siku hiyo kabla ya jeti yoyote nachomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, nafungua koki, napima dakika moja na kikombe. Kwa injini hizi mzee hataki chini ya mililita 200. Na mfuniko uwe umefungwa unapopima, maana ukiufungua umejidanganya.

Ndipo unakuja kwenye plagi. Vuta resi yote kwenye mnyooko, halafu zima injini na ubane klachi kwa pamoja, usiiache ingurume taratibu, kisha fungua uitazame. Ukirudi gereji polepole unasoma habari za slo jeti, ile ya mwendo wa taratibu, na slo jeti haijawahi kuua pistoni ya mtu kwenye resi kamili. Nyeupe, ongeza jeti haraka. Nyeusi na maji maji, punguza, namba moja moja. Leo kwa baridi hii hewa ni nzito, kwa hiyo nimetia 105. Joto likija narudi 102.

Na hapa, ami yangu wa Nungwi, nakuitikia ile sauti uliyonitumia. Unasema mashine ya boti inachemka, kwa hiyo umezidisha oili ili injini iwe na mafuta mengi. Hapana, ami. Jeti inapitisha kiasi kile kile. Ukizidisha oili, umeipunguza petroli, umeizidishia kiu, na ringi zinajaa masizi juu. Kama kitabu chake kinasema petroli hamsini kwa oili moja, dumu la lita 20 linataka mililita 400. Ile chupa yako ya maji ya lita moja unayomimina yote ni mara mbili na nusu! Injini mpya ndiyo inaruhusiwa oili zaidi, nayo kwa saa zake za mwanzo, na yako si mpya, nimeijua toka nasoma madrasa.

Kwanza tazama njia ya maji ya kupozea, maana chumvi na mchanga vinaziba. Halafu legeza ile skrubu ya hewa juu ya mfuniko wa tangi. Nina hakika Salum anaikaza kila akibeba tangi, kisha anasahau. Nipigie baada ya Isha uniambie kama imelia fsss.