Msafiri Anapogeuka Mgeni

Assalaam aleikum ndugu zangu, na wengine wote hamjambo.

Leo nimekuja na neno moja, safari, pamoja na mwanawe, msafiri. Kamusi tuiweke kando kwanza, twende stendi. Konda anagonga bodi ya basi, mama mmoja anapitishiwa kikapu dirishani, na kijana aliyemsindikiza anamwambia, "Safari njema mama, ukifika piga simu." Huenda mama huyo anakwenda msibani Korogwe. Tembo hawamo kabisa katika safari yake.

Nalisema mapema kwa sababu linaniuma. Mpwa wangu alifika kwangu kwa basi kutoka Moshi, kisha akaniambia hajawahi "kwenda safari", yaani kutazama wanyama mbugani. Kutwa nzima barabarani, na hakuihesabu! Maana hiyo ya wanyama tumerudishiwa na Waingereza, ambao neno lenyewe waliliokota kwetu karne ya 19, enzi za misafara ya wapagazi kama ule wa mvumbuzi Mwingereza Richard Burton wa mwaka 1857. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda, safari kwao ikawa mawindo. Siku hizi bunduki imegeuka kamera.

Sisi nasi tulilipata kwa Waarabu: safar. Mzizi wake unabeba maana ya kufunua, kama mwanamke anapofunua uso, au alfajiri inapopambazuka. Wanalugha wa kale wa Kiarabu walieleza kwamba safari imeitwa hivyo kwa kuwa hufunua tabia za watu. Aliyewahi kulala porini basi limekufa, maji yamebaki chupa moja, hahitaji kuelezwa zaidi. (Mwezi wa Safar, yaani Mfunguo Tano, pamoja na sifuri, huanza kwa herufi ya Kiarabu swadi, badala ya sini iliyo katika safari. Ni ukoo mwingine.)

Waturuki wanasema sefer. Ni safari ya basi au meli, lakini pia ni jeshi la sultani linapotoka kwenda vitani. Syria na Lebanoni, zilizokuwa chini ya Waturuki, wazee walipotaja Safarbarlik, neno lililotokana na sefer hiyo ya vita, walikuwa wakikumbuka Vita Kuu vya 1914 hadi 1918, vijana walipokamatwa kupelekwa jeshini na njaa ikaingia majumbani. Neno tunaloliombea wema sisi, wao liliwatia hofu.

Na sikilizeni hili, mimi lilinifurahisha mno. Sisi tunasema, "Safari hii mvua imechelewa," tukimaanisha mara hii. Mturuki naye husema bu sefer, "safari hii", kwa maana ileile kabisa!

Sasa tuje kwa msafiri. Mwajemi akisema mosafer, mara nyingi anamaanisha abiria. Kwa Kihindi, Kiurdu na Kimalei, musafir ni msafiri kama wetu. Lakini ukifika Uturuki, misafir ni mgeni, yule unayemkaribisha ndani na kumwekea chai. Utawala wa Waturuki ukalieneza hadi Balkani: Mwalbania husema mysafir, Mromania musafir, Mgiriki musafiris, na wote wanamaanisha mgeni. Mtu ni yuleyule. Naona sisi tulimtazama mgongo akiondoka, wao wakamtazama uso akibisha hodi. Anayekuja bila taarifa Waturuki humwita Tanrı misafiri, mgeni wa Mungu. Nasi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapo hatuko mbali nao.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, alipita pwani yetu hadi Mombasa na Kilwa. Kabla ya hapo alitua Mogadishu, akaandika alichokiona. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji hulifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana hupanda, humwendea mfanyabiashara mmoja, humkabidhi sahani na kusema: huyu ni mgeni wangu. Basi mfanyabiashara huyo hashuki kwenda kwingine ila nyumbani kwa kijana yule. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alifuatwa ufukweni na kadhi.

Tazameni ile sahani. Mtu bado yuko chomboni, chumvi ya bahari haijamkauka, na tayari ameshaacha kuwa msafiri.

Sasa nanyi niambieni: kwenu, anayebisha hodi usiku bila taarifa mnamwitaje?